Shaka Si Hukumu

Imeenea kauli katika mtaa wetu wa Fedha, hapa Nairobi, na katika mitaa jirani ya Tassia, Donholm na Nyayo, isemwayo vyamani, nje ya makanisa baada ya ibada, katika baraza za misikiti, na zaidi ya kote katika makundi ya simu ambamo michango ya wagonjwa huitishwa mmoja baada ya mwingine, kwamba mtu aliyepimwa damu ili ajue kama amerithi hatari ya saratani, kisha akaletewa jibu lisemalo kuwa badiliko limeonekana katika jeni yake lakini maana yake haijulikani, mtu huyo amekwisha kupewa habari mbaya kwa lugha ya adabu. Wenye kauli hiyo hudai kuwa maabara yenye mitambo ya thamani ile haiwezi kuona kitu ikashindwa kukitambua. Kwamba tabibu asemaye hajui, hakika anajua, ila anamwonea mgonjwa huruma. Na kwamba mwenye akili timamu, akilisikia neno hilo, hana budi kujihesabu miongoni mwa waliopatikana, auze kiwanja au aitishe mchango, akatwe matiti au atolewe ovari kabla maradhi hayajamtangulia. Methali mbili husimamishwa kuwa mashahidi wa rai hiyo: dalili ya mvua ni mawingu, na kinga ni bora kuliko tiba. Nami, pamoja na heshima niliyo nayo kwa majirani zangu, nasema kuwa rai hiyo ni batili mwanzo hadi mwisho, na kwamba lau kosa lenyewe lingalikuwa la maneno matupu ningalinyamaza, lakini ni kosa ambalo humfikisha mtu mzima wa afya juu ya meza ya upasuaji.

Insafu yataka tukubali kwanza kuwa hofu hii haikuzuka bure. Mnamo Julai 2019, katika mwezi mmoja, saratani ilituondolea Bob Collymore aliyekuwa mkuu wa Safaricom, Ken Okoth aliyekuwa mbunge wa Kibra, na Joyce Laboso aliyekuwa gavana wa Bomet. Na kabla yao, Septemba 2011, ilikuwa imekwisha kutuondolea Wangari Maathai, naye kwa saratani ya ovari. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yaliihesabia Kenya wagonjwa wapya zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000 kwa mwaka mmoja, saratani ya titi ikitangulia nyingine zote kwa idadi ya wagonjwa wapya. Katika nchi ambayo wagonjwa wengi hufika hospitalini maradhi yakiwa yamekwisha kukomaa, na ambamo familia nzima huweza kufilisika kwa ajili ya mgonjwa mmoja, si ajabu mtu akaliona kila neno la tabibu kuwa ni tangazo la msiba. Lakini hofu iliyo na sababu haiwi kwa hivyo hoja iliyo na ithibati, na hapo ndipo nitakapoachana na wenzangu.

Jeni mbili zitajwazo zaidi katika maudhui haya ni BRCA1, ambayo mtaalamu wa Marekani Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 kuwa makao yake ni katika kromosomu ya 17, nayo yenyewe ikapatikana mwaka 1994, na BRCA2, iliyopatikana mwaka uliofuata. Miongoni mwa kazi zake ni kuunga mikatiko ya uzi wa urithi ulio ndani ya seli. Na mojawapo ya jeni hizo ikiharibika hata ikashindwa na kazi yake, seli hulimbikiza makosa, na makosa yakizidi huweza kuzaa saratani. Walakini si kila badiliko la herufi katika jeni ni uharibifu. Kila mwanadamu, mzima na mgonjwa, hutofautiana na nakala ya mfano itumiwayo na wataalamu katika mahali milioni 4 hadi 5, na aghalabu ya tofauti hizo hazimdhuru mtu wala hazimfai. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Marekani waliweka mwaka 2015 madaraja matano ambayo maabara nyingi duniani huyafuata: badiliko lisilodhuru, lielekealo kutodhuru, lisilojulikana maana yake, lielekealo kudhuru, na lidhurulo. Ili badiliko litiwe katika daraja la nne, yaani lile lielekealo kudhuru, yatakikana yakini izidi 90 kati ya 100, na kiasi kama hicho hutakikana upande wa pili ili litiwe katika daraja la lielekealo kutodhuru. Na lile ambalo ushahidi wake haukufika huku wala kule, au ambalo mashahidi wake wanapingana, huwekwa katikati.

Basi asemaye kuwa katikati ni jina jingine la ubaya, na atazame jinsi kadhi mwadilifu afanyavyo akiletewa shauri lisilotimia ushahidi. Hamtii mshitakiwa hatiani nusu, wala hamfungi kwa tahadhari kwa kuwa yawezekana mashahidi wakaja kesho. Humwacha na hali aliyokuwa nayo kabla ya kushitakiwa, na jalada likabaki wazi. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wana kanuni mashuhuri, inayosomeshwa hata leo katika pwani yetu, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Na kanuni hiyo, ijapokuwa haikutungwa kwa ajili ya maabara, ndiyo hiyo hiyo ambayo miongozo ya matabibu wa saratani huifuata isemapo kuwa badiliko lisilojulikana lisiwe sababu ya kubadili matibabu ya mtu. Mwanamke aliyepata jibu hilo huhesabiwa hatari yake kwa yale aliyokuwa nayo kabla ya kupimwa: umri wake, afya yake, na habari za maradhi katika ukoo wa babake na wa mamake.

Hapa hukatiza msemaji wa upande wa pili na kuuliza: ikiwa jambo ni jepesi hivyo, mbona sisi Waafrika tunalipata jibu hili kuliko wengine? Swali ni zuri, na jawabu lake ndilo linalovunja rai yake. Maabara hukata shauri la badiliko kwa kukusanya ushahidi wa namna kadhaa: hutazama kama badiliko hilo huandamana na maradhi katika ukoo mmoja, wagonjwa wakiwa nalo na wazima wakiwa hawana, hutazama majaribio yaliyofanywa juu ya seli, kama yale ya Seattle yaliyotangazwa mwaka 2018, ambamo karibu mabadiliko 4,000 ya BRCA1 yalijaribiwa moja moja, na hutazama, pengine kabla ya yote, kama badiliko hilo lapatikana kwa wingi miongoni mwa watu wazima wa afya, kwa kuwa jambo walilo nalo watu wengi wasiougua haliwezi kuwa chanzo cha maradhi makali yaliyo nadra. Ushahidi huu wa tatu hutegemea daftari kubwa za jeni za watu, na daftari hizo zilijazwa na watu wa asili ya Ulaya. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kuwa katika uchunguzi mkubwa wa kulinganisha jeni na maradhi, watu 81 hivi kati ya kila 100 walikuwa wa asili ya Ulaya, ilhali wenye asili ya Afrika walikuwa 3 tu. Nao wataalamu wa mradi wa H3Africa walipozisoma mwaka 2020 jeni za watu 426 tu kutoka makabila 50 ya bara letu, waliona mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote.

Tumchukue, kwa mfano, mwanamke wa Fedha mwenye umri wa miaka 41, ambaye mamake alifariki kwa saratani ya titi, na ambaye damu yake, kama ilivyo desturi ya vipimo vingi vya namna hii, imepelekwa ng'ambo kusomwa. Msomaji huona herufi moja iliyobadilika, huitafuta katika daftari, asiione. Basi huandika kwa uaminifu kuwa hajui. Huenda herufi hiyo imo katika nusu ya kijiji alichozaliwa nyanya yake huko Machakos au Siaya, na wenye nayo walizeeka wakazikwa na wajukuu wao. Lakini kijiji hicho hakikuandikwa. Upungufu ni wa daftari, na majirani wanautwika mwili wa mwanamke.

Wala hatukosi funzo la yale yatokeayo pale ambapo maabara hukataa kusema haijui. Mwaka 2016 watafiti wa Harvard walionyesha kuwa Wamarekani weusi kadha wa kadha walikuwa wamekwisha kuambiwa kuwa wana mabadiliko yaletayo maradhi ya unene wa misuli ya moyo, kumbe mabadiliko yale yalikuwa ya kawaida miongoni mwa watu weusi wasio na ugonjwa wowote. Na watafiti hao wakahesabu kuwa lau watu weusi wachache tu wangalitiwa katika kundi la kulinganishia, kosa hilo lisingalitokea. Hao waliambiwa "ndiyo" mahali palipostahili "hatujui", wakaishi na hofu ya moyo kusimama ghafla. Baada ya kisa kama hicho, anayelichukia neno "haijulikani" analichukia neno lililowekwa kumlinda yeye na kizazi chake.

Tuje kwenye hesabu, maana wapinzani wangu hupenda kusema kuwa shaka za matabibu aghalabu huishia kuwa kweli. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya watu wapatao milioni 1.45 waliopimwa na maabara moja kubwa ya Marekani kati ya mwaka 2006 na 2016. Robo hivi ya majibu yasiyojulikana yaliyokuwa yametolewa yalikuja kupangwa upya baada ya ushahidi kuongezeka. Na katika mabadiliko yenyewe yaliyopangwa upya, kila moja likihesabiwa mara moja, takriban 91 kati ya 100 yaliteremshwa yakawa yasiyodhuru au yaelekeayo kutodhuru, na 9 hivi tu ndiyo yaliyopandishwa. Sisemi kuwa hesabu hiyo ni yetu, kwa kuwa wengi wa waliopimwa hawakuwa Waafrika. Lakini anayedai kuwa mawingu haya daima huleta mvua, na atuonyeshe mvua yenyewe, kwa maana pale ilipopimwa kwa miaka kumi, mara tisa katika kumi wingu lililofumbuka lilifumbuka bila tone.

Naam, hujibu mpinzani, na je, akiwa yeye miongoni mwa wale tisa katika mia ambao badiliko lao lilipandishwa? Hii ndiyo hoja yake ya nguvu, nami siipuuzi. Lakini hao tisa walijulikana kwa ushahidi uliokuja baadaye, na katika muda wa kungoja hakuna aliyewakataza kuangaliwa, kwa kuwa mwenye mama au dada aliyeugua hustahili kuangaliwa kwa karibu zaidi, jibu la jeni liwe liwalo. Upasuaji huweza kungoja ushahidi. Kilichokatwa hakiwezi kurudishwa ushahidi ukija kinyume. Mwanamke aliyetolewa ovari kabla ya wakati wake hukoma hedhi ghafla, uzazi wake hukatika, mifupa yake huanza kudhoofika mapema, na moyo wake nao huingia katika hatari zaidi. Na aliyekatwa matiti hubeba kovu, ganzi na gharama. Hayo yote ni bei ambayo huenda ikawa halali kwa mwenye hatari iliyothibitika. Kwa mwenye herufi isiyo na maana inayojulikana, ni kulipa deni asilokopa. Kinga ni bora kuliko tiba, sikatai. Lakini kinga ni kinga dhidi ya kitu, na asiyeweza kukitaja kitu hicho hana kinga anayoitoa, ana jeraha.

Wala tusidhani kuwa taksiri hii ni ya watu wa mitaa yetu ya Eastlands peke yao, wasiosoma vitabu vya tiba. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kuwa karibu nusu ya wagonjwa wa saratani ya titi waliokuwa na hatari ya kawaida na jibu lisilojulikana walikatwa matiti yote mawili; na kati ya robo na nusu ya wapasuaji walioulizwa walisema huwahudumia wagonjwa hao sawasawa na wale wenye badiliko lililothibitika. Ikiwa wenye visu wenyewe, katika nchi yenye washauri wengi wa mambo ya urithi wa maradhi, wamelichanganya daraja la tatu na la tano, seuze sisi ambao washauri wa elimu hiyo nchini mwetu ni wachache mno, na ambao mgonjwa wetu hupewa karatasi ya Kiingereza kigumu, akaifasiriwe na mpwa wake aliyemaliza chuo juzi. Lakini kosa likitendwa na wengi haligeuki kuwa hekima.

Limezuka pia kundi jingine, ambalo likikata tamaa na rai ya kwanza hukimbilia kinyume chake, na kusema kuwa kwa vile majibu yetu ni ya mashaka, kipimo chenyewe ni biashara ya wageni, Mwafrika asijisumbue nacho. Hawa nao nawapinga kwa hoja ile ile. Uchunguzi uliofanywa Nigeria, ukiwa na mkono wa Profesa Olufunmilayo Olopade wa Chicago, na kuchapishwa mwaka 2018, uliwapima wanawake 1,136 wenye saratani ya titi na kukuta kuwa karibu 15 kati ya 100 walikuwa na badiliko lidhurulo lililorithiwa. Na uchunguzi wa Uganda na Kamerun wa mwaka 2020 ulikuta kiasi cha kukaribiana na hicho. Kwa mwanamke aliyerithi badiliko lidhurulo la BRCA1, hatari ya kupata saratani ya titi kabla ya kutimiza miaka 80 imekadiriwa kuwa 72 hivi kati ya 100, na ya ovari 44 hivi. Huyo anahitaji kujua, na akijua ana mengi ya kufanya, upasuaji ukiwa mojawapo. Na dada na binti zake wanayo haki ya kupimwa badiliko lile lile. Faida ya kipimo, basi, ni kupambanua, na majirani zangu wanaomtendea asiyejulikana kama aliyethibitika ndio wanaoifuta faida hiyo, kwa kuwa kama majibu yote ni "ndiyo", hapakuwa na haja ya kutoa damu.

Yapo na madhara yasiyofika hospitalini. Mtu akitangazwa katika kundi la simu kuwa amepatikana na kansa ya ukoo, tangazo hilo halimshiki yeye peke yake. Huwashika ndugu zake, binti zake walio katika umri wa kuposwa, na wapwa wasiojua hata jina la jeni. Wengine huwahimiza ndugu wote wakapimwe herufi ile ile isiyojulikana, ilhali kumpima dada herufi ambayo haina maana inayojulikana ni kuongeza watu wenye wasiwasi pasipo kuongeza elimu, isipokuwa pale maabara yenyewe inapoomba kuuchunguza ukoo ili ipate ushahidi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu imezitia habari za jeni miongoni mwa taarifa nyeti. Ni aibu basi kwamba tunayokatazwa na sheria kuyatoa ofisini tunayatoa sisi wenyewe bure, kwa jina la kuomba dua.

Nini basi kimpasacho mwenye jibu lisilo dhahiri? Aihifadhi karatasi kama ahifadhivyo hati ya kiwanja, kwa kuwa jina la badiliko lililoandikwa humo ndilo ufunguo wa kuuliza tena. Arudi kwa tabibu wake kila baada ya mwaka au miwili na kuuliza kama daraja limebadilika, na akibadilisha nambari ya simu aiarifu hospitali, maana taarifa nzuri hupotea kwa simu iliyozimwa. Aandike nasaba ya maradhi ya pande zote mbili: nani aliugua, saratani ya kiungo gani, akiwa na umri gani. Karatasi hiyo isiyogharimu kitu huweza kumwelekeza tabibu kuliko herufi iliyo na shaka. Akiwapo katika ukoo mtu aliyeugua na angali hai, ni yeye astahiliye kupimwa kwanza. Na uvimbe wowote anaoushika kwa mkono wake apeleke hospitalini wiki hiyo hiyo, asingoje mwezi, maana wengi tunaowazika hawakuuawa na herufi isiyojulikana, waliuawa na uvimbe uliojulikana ukafichwa.

Ama serikali na vyuo vyetu, hao wana deni kubwa zaidi. Tuna sheria ya kuzuia na kudhibiti saratani tangu mwaka 2012, na taasisi ya taifa iliyozaliwa nayo. Lakini damu ya Wakenya huendelea kusafiri, majibu yakarudi, na elimu ikabaki huko huko. Ni haki yetu kudai kuwa kila badiliko linaloonekana katika damu ya Mkenya, kwa idhini yake na bila jina lake, liandikwe katika daftari za wazi kama ile ya ClinVar iliyofunguliwa Marekani mwaka 2013, na kuwa wazima wetu nao wasomwe, kutoka Lamu hadi Turkana. Najua wapo wanaoogopa kuwa wageni watajitajirisha kwa damu zetu, na historia haiwapi sababu ya kutoogopa; lakini dawa ya woga huo ni mkataba mzuri na sheria inayotekelezwa, kwa kuwa tukijificha nje ya daftari tutabaki kuwa taifa la majibu ya daraja la tatu.

Kwa hiyo nawarudia wenye kauli niliyoanza kuipinga, wa Fedha na wa kwingineko. Ninyi mnaomwambia mwanamke mzima wa afya akatwe kwa sababu ya neno "haijulikani", mnadai kujua jambo ambalo maabara, pamoja na mitambo yake na daftari zake, imekiri kutolijua. Leteni ushahidi wenu: ukoo mliouchunguza, wazima mliowahesabu, seli mlizozijaribu. Mkiwa nao, ulimwengu wa tiba utawashukuru, na badiliko litapandishwa daraja kesho. Mkiwa hamnao, mwacheni mwanamke huyo na mwili wake, na mchango mliokusudia kumpelekea mpasuaji mpeni jirani ambaye uvimbe wake umekwisha kuonekana na hana nauli ya kwenda hospitalini.